Nukta Tatu kwenye Bati la Ndege Iliyotekwa

Fundi amefariki. Habari zilinikuta Jumanne asubuhi huko Alum Rock, mbele ya duka la mboga, nimeshika muhogo mkononi nikibishana na muuzaji kwamba umeanza kuoza ndani, naye akiapa kwamba umeingia jana. Simu ikaita. Alikuwa binti yake Fundi, ambaye kazaliwa hapa hapa Birmingham na ambaye Kiswahili anakielewa chote, ila kukujibu atakujibu kwa Kiingereza. "Anti," akasema, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba baba ameondoka alfajiri, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nikaurudisha muhogo mahali pake. Nikasema inna lillahi. Halafu, msinicheke wasomaji wangu, kilichonijia kichwani baada ya hapo hakikuwa dua wala pole. Niliwaza: wamemshinda. Kafa kabla hawajakibadilisha kile kibao chao cha makumbusho. Nikashikwa na hasira pale pale barabarani mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Kwa ambao hamkupata kumjua, Fundi alikuwa mtu wa Tanga aliyeishi Kingstanding, huku huku Birmingham, miaka mingi kuliko aliyoishi Tanga. Alikuwa mkereza vyuma katika karakana moja ya Aston, karibu na uwanja wa mpira, na siku za mechi aliwalaani mashabiki wa timu zote mbili bila upendeleo kwa sababu walimzibia njia ya kurudi nyumbani. Mkewe alitangulia zamani. Binti ni huyo mmoja, muuguzi. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda ambamo, baada ya kustaafu, alitengeneza kila kitu ambacho sisi wengine tulishakata tamaa nacho: cherehani, pasi, blenda, kiti cha magurudumu cha mama mmoja Mkongo, pampu ya maji ya msikitini. Hakuwa mpole hata kidogo. Ukimpelekea kitu, akakifungua akakuta mtu mwingine kashakichokonoa, alivua miwani akakutolea macho. "Nani kaigusa hii?" Ukianza kujieleza: "Sikukuuliza hadithi. Nani kaigusa?" Lakini ukirudi baada ya siku mbili, pasi yako inawaka kuliko ilipotoka dukani.

Na kila kitu kilichopita mikononi mwake alikitia alama kabla ya kukurudishia. Alichukua senta panchi, kile kichuma chenye ncha ambacho mafundi hukigonga kwa nyundo kuonyesha mahali pa kutoboa, akagonga nukta tatu, pa, pa, pa, zimepangwa kama mafiga. Pasi yangu inazo hadi leo, chini ya mpini. Nyumbani kwake, siku ya msiba, mzee mmoja Singasinga aliyefanya naye kazi Aston alitusimulia habari za nukta hizo. Yeye ni mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha Kisumu mpaka kesho. "Foremani alimwambia, wewe, hizo dots zako ni uharibifu, mteja amelipia chuma safi," akasema. "Huyu mzee akamjibu, sawa, basi na wewe toa jina la kampuni hapo juu, kwa sababu kampuni haikushika hii kitu, mimi ndio nilishika. Wacha! Sisi wote tukajua leo anafutwa. Hakufutwa, bwana. Unajua kwa nini? Wateja walikuwa wameanza kuitisha, nipatie zile za dots tatu." Watu wakacheka msibani, na binti yake akacheka huku machozi yanamtoka.

Sasa, alama hiyo hakuibuni yeye. Aliirithi kwa baba yake, na hapo ndipo inapoingia ndege.

Baba yake Fundi alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge nje ya Tanga, chini ya bwana mmoja Mjerumani. Mashine zote zilitoka Ujerumani na vibandiko vyake vyote vilikuwa vya Kijerumani. Huyo baba hakujua Kijerumani cha mazungumzo, asingeweza hata kuomba maji ya kunywa, lakini alijua Kijerumani cha mashine: mafuta, maji, fungua, funga, usiguse, usikanyage. Aliyasoma maneno hayo kila siku ya kazi, maana ukikosea kuyasoma mkono wako unakwenda pamoja na mkonge. Na kila mtambo alioufufua aliupiga nukta tatu, kwa kuwa ripoti zote zilikuwa zikiandikwa kwa jina la bwana mkubwa, na yeye alitaka pawe na mahali pamoja panapokumbuka mkono wake. Vita vya pili vya dunia vikaja. Mwingereza akamchukua jeshini, akampeleka kaskazini mpaka jangwa la Libya, na kwenye karatasi zake akamwandika kibarua. Kazi yake ikawa kujaza mchanga kwenye magunia kuzunguka uwanja wa ndege, katika nchi ambayo, Fundi alipenda kusema, haina kingine cha kujaza.

Vita vya kule vilikuwa vya nenda rudi. Leo Mjerumani yumo katika uwanja huu, kesho katimuliwa na Mwingereza kaingia, na anayetimuliwa akiishiwa mafuta au kipuri huziacha ndege zake zimesimama pale pale. Wanaozikuta walikuwa na hamu nazo ajabu. Walitaka kuzirusha wajue zinakimbia vipi na zinashindwa wapi, na pia, tuseme kweli, walitaka kujidai. Wanafuta misalaba ya adui, wanachora maduara ya Kiingereza na herufi za kikosi chao, basi, ndege imekuwa yao. Kikosi alichokuwamo baba yake Fundi kiliikuta moja nzima kabisa, ya kivita, ya kiti kimoja. Tatizo, haikubali kuwaka. Mtambo ule uliwashwa kwa hendeli inayochomekwa ubavuni, na mafundi wa Kiingereza, vijana wenye misuli, walikuwa wakiirukia ile hendeli kwa nguvu zao zote tangu asubuhi, wanatoa jasho na matusi, na ndege imewanunia. Mtu wa Tanga akawatazama weee, mwisho uvumilivu ukamwisha. Akaliweka sepetu chini akasema kwa Kiswahili, "Pole pole. Gurudumu kwanza."

Bahati alikuwapo sajenti aliyewahi kukaa Nairobi, mwenye Kiswahili cha kuagizia chai. Akamwita. Baba yake Fundi akapanda juu ya bawa, akasoma vibandiko kimoja kimoja, hapa panakwenda mafuta, hapa maji, hapa msiguse, hapa msikanyage mtavunja. Kisha akawaeleza kwamba ndani ya mtambo mna gurudumu zito, kama lile la mashine yake ya mkonge. Mnaanza kulizungusha taratibu, linachukua kasi lenyewe, mnangoja mpaka mlisikie linalia, na hapo ndipo rubani avute wenzo. Wakazungusha. Likalia. Rubani akavuta, na ndege ya Mjerumani ikanguruma katikati ya kambi ya Waingereza kwa maelekezo ya kibarua. Mnajua zawadi aliyopewa? Alirudishwa kwenye magunia yake.

Hadithi ingeishia hapo kama si mikosi yao wenyewe. Walipoipaka rangi walizingatia juu na ubavuni, mahali ambapo mtu aliyesimama anapaona. Baba yake Fundi alikuwa shimoni, anachota mchanga, na mtu aliye shimoni anaiona ndege kwa chini. Akamwambia sajenti, chini ya mabawa bado kuna misalaba. Sajenti akamwambia ashughulike na mchanga wake. Ndege ikaruka, ikajizungusha kwa maringo, na iliporudi kutua, wapiga mizinga wa upande huo huo, ambao nao wako chini wanatazama juu, wakaona misalaba wakaanza kuimiminia risasi. Rubani alitua salama, mkia una matundu, na baba yake Fundi aliyakumbuka mpaka uzeeni matusi aliyoyaporomosha rubani huyo. Kesho yake mtu wa Tanga akakabidhiwa kopo la rangi nyekundu na kuambiwa aandike kila panapotakiwa kuandikwa. Kiingereza hakujua kuandika. Kijerumani wale vijana hawakujua kusoma. Akaandika Kiswahili, kwa herufi kubwa: MAFUTA, MAJI, USIGUSE, USIKANYAGE. Sajenti akawafundisha wenzake maneno manne, na kwa miezi kadhaa, wasomaji wangu, katikati ya jangwa lile, mafundi wa Kiingereza waliihudumia ndege ya Kijerumani kwa Kiswahili. Na kando ya kila neno mwenyewe akagonga nukta tatu.

Hadithi hii Fundi aliwahi kunisimulia mara nyingi, na nitakiri leo kwamba nilidhani mzee anatia chumvi. Baba wa nani hakuwahi kuwa shujaa? Nilikuwa naitikia, "Ehe, Baba, ikawaje?" huku nafikiria mchele niliouacha jikoni. Mpaka siku nilipomwomba anisindikize kwenye makumbusho moja hapa mjini, kwa kuwa nilitaka kuandika kuhusu mitambo ya zamani na sikujua piston wala plagi. Tukafika kwenye kabati la kioo lenye vitu vya vita vya jangwani: kofia, darubini, chupa ya maji, na bati la ukubwa wa sinia. Nilikuwa nimeshapita. Niliposikia kimya nyuma yangu nikageuka, nikamwona Fundi kasimama, viganja vyote viwili kavibandika kwenye kioo. Kwenye lile bati, kwa rangi nyekundu iliyopauka, paliandikwa USIKANYAGE.

"Bibi Mwandishi," akaniambia, ndivyo alivyozoea kunitania, ila siku hiyo hakutania. "Nisomee hicho kibao chao."

Nikamsomea, nikitafsiri. Kibao kilisema kwamba hiki ni kipande cha bawa la ndege ya adui iliyotekwa jangwani na kufanyiwa kazi na mafundi wa Kiingereza. Maandishi hayajatambuliwa. Upande wa kulia kuna uharibifu wa vipande vya mzinga.

"Soma tena hapo pa uharibifu."

Nikasoma tena. Akatoa bunda la funguo mfukoni. Kwenye kibati kilichoning'inia na funguo hizo palikuwa na nukta tatu. Akaviweka sambamba, kibati nje ya kioo na bati ndani ya kioo, na hapo walipoita uharibifu mpangilio ulikuwa ule ule, moja juu na mbili chini, mafiga. Haki ya Mungu, nywele zilinisimama. Fundi akalia. Alilia waziwazi, hakujificha uso, mzee mzima katikati ya watalii, nami nikalia naye, na niliona aibu kwa kila "ehe, ikawaje" niliyowahi kumwitikia.

Akataka aonane na mhusika. Akatujia mama mmoja wa makumbusho, mtu mzuri, msikivu, aliyetuletea viti. Aliisikiliza hadithi yote akiandika kwenye daftari. Mwisho akauliza kama tuna hati yoyote inayoonyesha kwamba marehemu baba alikuwa fundi wa ndege, kwa sababu karatasi za jeshi za watu wa Afrika Mashariki, kadiri alivyokuwa akizijua, zilionyesha vibarua tu. Fundi akamwambia kwa Kiingereza chake cha karakana, "Hati imo ndani ya kioo chako." Mama akatabasamu kwa huzuni, akasema tuandike barua.

Hapa ndipo ninapoingia mimi na kosa langu, na naliandika hapa kwa sababu ninyi ndio mnaonisoma. Fundi aliisema barua ile kwa Kiswahili, mezani kwake Kingstanding, akitembea huku na huku. Alisema: Nadai jina la baba yangu liandikwe. Nadai neno kibarua lisitumike. Nadai muondoe neno uharibifu, kwa sababu hiyo ni sahihi yake. Mimi nikaenda nyumbani nikaitafsiri. Nimekaa nchi hii muda mrefu, nimejifunza adabu zake za karatasi, na bila hata kufikiri nikaandika kwamba ningeshukuru sana kama mngeweza kufikiria uwezekano wa kulitazama upya suala hili. Nilijisifu, jamani. Niliona nimeandika Kiingereza cha watu waliosoma.

Jibu likaja baada ya wiki kadhaa. Walifurahishwa na ombi letu. Wamerekebisha kibao, sasa kinasema maandishi huenda ni ya Kiswahili. La uharibifu wataliangalia siku za usoni. "Huenda!" Fundi akapiga meza. "Neno lina herufi kumi, linasomeka mpaka barabarani, huenda ni Kiswahili?" Walikuwa wameambatanisha nakala ya barua yangu. Akavaa miwani akaisoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari. Alipomaliza hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mimi nilisema nadai. Liko wapi?"

"Baba, huku barua ndivyo zinavyoandikwa."

"Zinaandikwa hivyo na nani? Si na wewe?" Akaikunja barua akanirudishia. "Foremani alijaribu kunifutia nukta zangu miaka yote ile akashindwa. Wewe umeweza kwa karatasi moja."

Nilitoka pale siioni njia. Majira yote ya baridi hakupokea simu yangu. Nilikuwa nikimwona mwanawe tu, naye alikuwa na malalamiko yake. Kumbe baba mtu, kila Jumamosi, alikuwa akivaa ovaroli yake ya buluu ya Aston, anapanda basi mpaka mjini, anasimama kando ya kile kioo na kuwaeleza wageni yeye mwenyewe. Walinzi walimwondoa mara ya kwanza. Mara ya pili alirudi na tiketi yake mkononi, akawauliza ni sheria gani inayomkataza mtu kusimama. Wakamwacha. Binti alikuwa anaona haya, wenzake wa hospitali walishamwona baba yake pale. "Nimemwambia, Baba, achana nao," akanieleza. "Ni bati tu, Anti. Anajichosha kwa ajili ya bati." Na mimi ndiye niliyemfikisha mzee kwenye kusimama.

Nimefikiri sana tangu Jumanne kuhusu kile kibao, na nitasema ninavyoona, atakayekasirika na akasirike. Hii nchi imejaa vibao vya namna hiyo, na wengi wetu tumebandikwa. Ninamjua mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu anayepanga maboksi ghalani, na kwenye fomu wamemwandika hana ujuzi. Hana ujuzi! Mkuu wake wa zamu humwita pembeni kila mwisho wa wiki amkokotolee hesabu za stoo. Ninawajua kinamama wanaowalea wazee wa watu, wanaojua kwa kumtazama tu mgonjwa usoni kwamba leo hali si nzuri, na daktari akifika huandika kwamba yeye ndiye aliyegundua. Mkono unafanya, jina linaandikwa la mwingine, na alama ya mwenye mkono ikionekana inaitwa uharibifu. Lakini sitawalaumu wao peke yao. Ni nani anayewaandikia barua za "ningeshukuru sana"? Ni sisi. Tumejifunza kujipunguza kabla hatujapunguzwa, na tunaona ndiyo ustaarabu. Mimi niliyekula chumvi yote hii, ninayejifanya mkali kwenye safu hii kila wiki, nilipopewa barua moja ya maana nilinywea.

Majira ya baridi yalipokwisha nikapiga moyo konde. Jumamosi moja nikaenda makumbusho. Alikuwapo, ovaroli imepigwa pasi, amewasimamisha mume na mke wa Kiingereza anawaonyesha kwa mikono jinsi gurudumu linavyochukua kasi. Nikangoja wakaondoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakunitazama. "Umekuja kuomba au umekuja kudai?"

"Nimekuja kudai."

"Basi simama upande ule wa mlangoni, watu wanaingilia kule."

Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, na sikupewa mwingine. Tulisimama pamoja Jumamosi nyingi. Tuliandika barua ya pili, nadai zote zikiwa mahali pake, kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini, akaipiga nukta tatu kwenye karatasi mpaka ikatoboka. Hiyo haijajibiwa mpaka leo. Jumamosi ya mwisho alikaa kwenye kiti kwa kuwa miguu ilimuuma, lakini sauti ilikuwa ile ile, na alimkemea mlinzi mmoja aliyeegemea kioo. Siku tatu baadaye ndipo simu ikanikuta Alum Rock.

Siku moja kabla ya maziko, ofisi ya makaburi ilimpa binti kibati cha jina, cha kuweka kaburini mpaka jiwe litakapokuwa tayari, akakague kama jina limeandikwa sawa. Jina lilikuwa sawa. Nilikuwa naye jikoni, kinamama wamejaa sebuleni, vyungu viko motoni. Akainuka nacho mkononi, akatoka kwenda kibandani, nikamfuata. Akafungua sanduku la vyombo la baba yake, akatoa senta panchi na nyundo. Hakuwahi kuvishika maishani mwake. Nukta ya kwanza ilikwenda pembeni kidogo, akasonya, akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akagonga ya pili, akagonga ya tatu. Asubuhi akakirudisha kibati ofisini ndani ya bahasha.

Tulizika. Siku mbili baadaye tulikuwa jikoni tena, tunaosha vyombo vya watu, simu yake ikaita, akaiweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa na sabuni. Alikuwa bwana wa ofisi ya makaburi, mpole sana, anaomba radhi. Alipokuwa akitaka kukifunga kibati amegundua kina uharibifu kidogo, matundu matatu chini ya jina, hajui yametokea vipi, lakini tusiwe na wasiwasi, watakibadilisha wao.

Nilimtazama binti. Alianza kwa ile sauti ya kazini, ya hospitali, nakushukuru sana bwana kwa kunijulisha, nami moyoni nikasema, haya, sasa inakuja "ningeshukuru". Akaufunga mfereji wa maji. Akainamia simu na kusema, kwa lafudhi ya baba yake, ya Tanga tupu, ambayo sikuwahi kumsikia nayo tangu amezaliwa:

"Usiguse."

Bwana akaomba arudie. Akarudia vile vile, kisha akamfasiria kwa Kiingereza: hapana kugusa, huo si uharibifu, ni sahihi ya baba yangu. Yule bwana akasema sawa, ameelewa, hatagusa. Imechukua dakika moja. Hakutaka hati, hakusema huenda.

Nilichojifunza kwa Fundi, nimejifunza kwa kuchelewa, ndicho ninachowaachia leo. Kazi ya mkono wako iwekee alama yako, na wakiiita jina jingine waambie, kwa sauti yako uliyozaliwa nayo, bila kuwaomba wakufikirie. Bati la baba yake Fundi bado liko kwenye kioo, na kibao bado kinasema uharibifu. Binti ameshaichukua ile ovaroli, imempwaya, amekunja mikono. Jumamosi hii anasimama upande wa bati. Mimi nitakuwa upande wa mlangoni, wanakoingilia watu.